Haki ya Dereva na Amri ya Saba



Dominika asubuhi, ukitoka Misa ya kwanza katika kanisa lolote la mjini Dar es Salaam, utawakuta nje ya ua wa kanisa, wengine katika magari yao madogo, wengine katika bajaji, wengine juu ya pikipiki, kila mmoja ameinamia simu yake. Wangojea iite. Wapo kati yao Wakristu wenzetu. Walisikia kengele ya mageuzo, wakafanya ishara ya msalaba, lakini hawakushuka, maana simu ikiita na mtu asiitikie, safari huenda kwa mwingine. Hao ni madereva wa teksi mtandao na wapelekaji wa vyakula na vifurushi, watu ambao kazi yao huletwa na programu ya simu. Leo twataka kusema habari za ujira wao.

Huenda msomaji akauliza, "Gazeti la Kanisa lina shauri gani na nauli za magari? Je, hayo si mambo ya wafanya biashara na Serikali?" Twajibu ya kwamba Kanisa halikupewa kazi ya kupanga nauli, wala hatuthubutu kuipanga. Lakini Kanisa limekabidhiwa Amri za Mungu lizifundishe, na ya saba kati yake yakataza wizi. Tena wazee wetu waliojifunza katekisimu kwa moyo wazikumbuka dhambi nne zinazolilia mbinguni, na mojawapo ni kumnyima mfanyakazi ujira wake. Dhambi hiyo haikutiwa katika fungu la makosa madogo. Imewekwa pamoja na kuua kwa kusudi. Katika Kumbukumbu la Torati (24:14-15) Mwenyezi Mungu aliwaagiza Waisraeli wamlipe kibarua maskini siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa sababu uhai wake wautegemea ujira huo. Na Mtakatifu Yakobo Mtume (5:4) awaonya matajiri ya kuwa ujira walioudhulumu una sauti yake, na sauti hiyo imekwisha kusikiwa na Bwana.

Basi, kabla ya kuhukumu, tulieleze jambo lenyewe kwa haki. Kampuni ya Uber ilianza kazi mjini Nairobi mwaka 2015, na Dar es Salaam mwaka 2016. Kampuni nyingine zikafuata. Hatukatai mema yaliyokuja nazo. Abiria huonyeshwa nauli kabla ya kupanda. Mama anayerudi usiku kutoka kumwuguza mtoto hospitali huona jina la dereva na namba ya gari. Kijana asiye na nafasi katika kijiwe cha teksi aweza kupata abiria bila kumbembeleza mtu. Kumkutanisha mwenye gari na mwenye safari ni kazi ya kweli, nayo yastahili malipo. Kwa hiyo mwenye programu hukata sehemu fulani ya kila nauli, nayo huitwa kamisheni. Kutoza kamisheni, kwa yenyewe, si dhambi. Swali ni hili: akiisha kutoza, kinachobaki chamtosha dereva kwa nini?

Tufanye hesabu, kama mwalimu afanyavyo ubaoni. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini dereva yeyote ataitambua njia yake. Tuseme mtu amefanya kazi tangu alfajiri hata usiku, akapata nauli za shilingi 100,000. Kamisheni ikiwa asilimia 25, mwenye programu achukua 25,000. Petroli, pamoja na ile iliyochomwa katika kumfuata abiria na kurudi bila mtu, tuseme ni 40,000. Gari si lake. Tajiri wa gari adai hesabu ya siku, tuseme 25,000. Zimebaki 10,000. Katika hizo anunue bando la simu, ale mchana, aoshe gari. Na kinachosalia baada ya hayo ndicho kodi ya chumba, ndicho ada ya mtoto, ndicho dawa.

Sasa tuipunguze kamisheni iwe asilimia 15, tusiguse kitu kingine chochote. Dereva atabakiwa na 20,000. Tazameni vema: mwenye programu amepunguziwa sehemu kumi tu katika mia ya nauli, lakini mkate wa dereva umeongezeka maradufu. Sababu yake ni nyepesi. Kamisheni hukatwa katika nauli yote, kabla ya petroli na kabla ya hesabu ya tajiri. Dereva hula kilichobaki chini ya chungu, wote wakiisha kupakua. Kwa hiyo anayesema, "Ni asilimia chache tu," apime upande wa pili pia. Kwake ni chache. Kwa mwenzake huenda ikawa ni nusu ya chakula cha nyumbani. Wala msomaji mwenye gari asifurahi upesi, maana hesabu yake nayo ikiongezwa 10,000 dereva huyo hurudi nyumbani mikono mitupu. Kipimo cha haki basi twapaswa kukitafuta hapo chini ya chungu, katika kile kinachobaki mkononi mwa aliyetoka jasho.

Shauri hili limekwisha kuitikisa nchi yetu. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, iliweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 15. Mwezi Aprili wa mwaka huo Uber ikasimamisha huduma zake nchini, kwa kuwa haikuweza kukubaliana na masharti hayo. Mwanzoni mwa mwaka 2023 kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25, na kampuni ikarudi. Jirani zetu wa Kenya, katika kanuni zao za mwaka 2022, waliweka asilimia 18. Kazi ni ile ile, usukani ule ule, jua lile lile. Mahali pamoja 15, pengine 18, pengine 25. Hatusemi ya kwamba kampuni ilidanganya juu ya gharama zake, wala hatusemi Serikali ilikosa kuwasikiliza wote. Twasema tu ya kwamba wakubwa walipokuwa wakivutana, aliyekuwa akiitegemea simu ile alikaa miezi mingi bila kuisikia ikiita. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Tena jambo hilo latufundisha kwamba amri ya Serikali peke yake haitoshi, ikiwa mioyo ya wenye mali haijageuka.

Wapo wanaosema, "Dereva hakulazimishwa. Alisoma masharti katika simu, akayakubali kwa kidole chake mwenyewe. Asiyeridhika na aondoke." Neno hili lina sura ya haki, na wengi hunyamazishwa nalo. Lakini Kanisa lilikwisha kulijibu zamani. Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake iitwayo Rerum Novarum, alifundisha ya kuwa maafikiano ya mwajiri na mfanyakazi yapo chini ya sheria iliyo kubwa kuliko hayo, nayo ni sheria ya tabia ya mtu: ujira usipungue kiasi cha kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema. Na mtu akikubali masharti mabaya kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa baya zaidi, huyo ametendewa jeuri. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra, alirudia ya kwamba ujira hauwezi kuachwa uamuliwe na mashindano ya soko peke yake, wala na matakwa ya wenye nguvu. Naye Papa wetu Leo XIV, alipochaguliwa mwezi Mei 2025, aliwaeleza Makardinali kwamba alilichagua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, kwa maana zama zetu nazo zina mageuzi yake ya kazi, yanayoletwa na mashine zenye kufikiri mfano wa mtu.

Tujiulize kwa unyofu: kijana aliyekopa gari kwa mkataba, mwenye mke na watoto wawili, akionyeshwa maneno marefu ya kisheria katika kioo cha simu, na chini yake kitufe kimoja cha kukubali, ana uhuru gani? Aweza kukataa, ni kweli. Kama vile mwenye njaa awezavyo kuukataa mkate ulio ghali. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini hapa mnyonge ameombwa kutia sahihi kwamba hana haki.

Lipo na jambo jingine, nalo ni jipya katika siku zetu. Tajiri wa zamani alikuwa na mlango. Kibarua aliyedhulumiwa alijua nyumba ya kwenda; aliweza kusimama uani, akasema, "Bwana, hesabu yangu haikutimia." Tajiri wa programu hana mlango. Dereva huona tarakimu tu. Safari inayolipwa kwa fedha taslimu humwachia deni la kamisheni katika akaunti yake. Deni likizidi kikomo, safari hukoma kuja. Abiria mmoja akimshitaki, kwa kweli au kwa uongo, huenda akafungiwa akaunti, na anayemwandikia kumweleza sababu hajulikani ni mtu au ni mashine.

Linganisheni hayo na mwenye shamba la mizabibu katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 20. Bwana yule hakumtuma mtu. Alitoka mwenyewe alfajiri, akatoka tena saa tatu, na saa sita, na saa tisa, na saa kumi na moja, akaenda sokoni, mahali pale wasio na kazi waliposimama wakingoja, kama vijana wetu wangojavyo kijiweni. Aliwaona nyuso zao. Aliwauliza kwa nini wamesimama. Jioni alipowalipa, mmoja alinung'unika, naye hakumfungia mlango. Alimwita rafiki, akamweleza sababu. Na wale wa mwisho aliwapa dinari nzima, ujira wa siku wa kuilisha nyumba, maana nyumba zao zilikuwa na njaa sawa na za wenzao. Twajua kwamba mfano huo wahusu Ufalme wa mbinguni na neema ya Mungu. Lakini Yezu Kristu alipotaka kutuonyesha wema wa Baba yake, alituonyesha mwajiri anayetoka mwenyewe kuwatafuta watu na anayejibu anapoulizwa. Mashine haiwezi kutenda dhambi. Mtu aliyeipanga, na mtu anayepokea faida yake, hao waweza. Wala siku ya hukumu hawataweza kuisukuma mashine mbele, isimame mahali pao.

Hekima ya Mithali (11:1) yatuambia ya kuwa Bwana huchukizwa na mizani ya udanganyifu. Wazee wa Usukuma wajua maana ya neno hilo. Wakulima wa pamba wa kule waliona kwa miaka mingi kilo zao zikipungua mbele ya macho yao katika mizani ya wanunuzi. Hawakuchoma maduka. Walianza kwa kudai mizani ya haki, wakaunda vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho moja la Victoria, Bwana Paul Bomani akiwa mtendaji wake mkuu. Kabla yao, mwaka 1933, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa wamekwisha kuunda chama chao, KNCU. Siku hizi mizani imo ndani ya simu, tena imefunikwa. Dereva haoni kwa nini safari hii kapewa jirani yake, wala kwa nini njia ile ile leo ni rahisi kuliko jana. Kudai mizani ifunuliwe si uasi. Ni Amri ya Saba ileile, ikidai itiiwe.

Basi, ndugu zangu, tuchunguze dhamiri zetu, kila mtu kwa nafasi yake.

Wewe uliye na madaraka katika kampuni hizi, au unayezifanyia kazi: usijifiche nyuma ya makao makuu yaliyo ng'ambo. Jiulize kama mtu aliyefanya kazi siku nzima kwa programu yako aweza kuilisha nyumba yake. Mweleze dereva kila kinachokatwa na sababu yake. Usimfungie mtu kazi kabla hujamsikiliza, maana hata mwizi husikilizwa mahakamani. Na usitegemee sana neno lile la kwamba dereva si mfanyakazi wako bali ni mshiriki tu. Mwezi Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ililipima neno hilo katika kesi ya madereva wa Uber, ikaamua ya kwamba walikuwa wafanyakazi wenye haki ya ujira wa chini na likizo yenye malipo. Sheria za nchi ni mbalimbali, lakini jasho ni moja.

Wewe uliye tajiri wa gari: wengi wenu ni watu wa Kanisa, walimu, makarani, wauguzi, mlionunua gari kwa mkopo ili kuongeza kipato. Hatuwalaumu. Lakini hesabu isiyojua mvua wala ugonjwa, wala siku ambayo simu haikuita, ni nira. Panga na dereva wako kiasi kinachofuata mapato ya kweli. Na siku gari linapokuwa gereji, usimwandikie deni kwa siku ambayo hakuweza kufanya kazi.

Wewe uliye abiria, na hapa twajihesabu sisi sote: Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha ya kuwa zaidi ya mwajiri anayelipa wapo na wengine wanaoyaamua masharti ya kazi kwa mbali, nao wana sehemu yao katika haki au dhuluma ya ujira. Je, sisi si miongoni mwao? Twaita gari, dereva achoma petroli kutufuata, nasi twaona jingine lililo rahisi, twaifuta safari bila kuona haya. Twadai chenji ya shilingi mia tano kwa ukali, nasi tumetoka kutoa sadaka ya shilingi elfu mbili ili majirani waione. Twamngojesha mpelekaji wa chakula mlangoni katika mvua, kisha twampa nyota moja kwa kuwa mchuzi umepoa. Nyota hiyo, tuliyoibonyeza kwa hasira ya dakika moja, yaweza kumpunguzia mkate. Heri kumlipa mtu sawasawa leo kuliko kumchangia rambirambi kesho, akiisha kusinzia katika usukani kwa kukesha.

Nawe uliye dereva, ndugu yetu: dhuluma uliyotendewa haikupi ruhusa ya kudhulumu. Kumwomba abiria aongeze fedha katikati ya safari, kuizima programu ili kupunja kamisheni uliyoikubali, kumkodisha mwingine akaunti yenye jina lako, hayo nayo yamo katika Amri ya Saba na ya Nane. Dai haki yako mchana, pamoja na wenzako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Undeni vyama, wekeni akiba ya pamoja kwa ugonjwa na ajali, semeni na LATRA na kampuni kwa sauti moja yenye adabu. Na kila Dominika, hata kama simu itaita, izime saa moja. Aliyekuumba alikufanya mtu kabla hujawa dereva.

Mwezi Juni 2025 Mkutano wa Kimataifa wa Kazi, uliokutana Geneva, ulianza kujadili kanuni za ulimwengu mzima kwa kazi za namna hii. Twafurahi, na twaiombea Serikali yetu hekima katika mashauri hayo. Lakini hatuwezi kungoja Geneva ili kuwa na dhamiri. Haki ya dereva yaweza kuanza jioni ya leo, katika nauli utakayoilipa na katika hesabu utakayoipokea.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yosefu alikuwa fundi. Alingoja wateja mlangoni pake, na kwa ujira wa mikono yake alimlisha Mwana wa Mungu. Kama mteja mmoja wa Nazareti alimpunja, basi alimpunja Yezu mkate wake. Tulitafakari neno hilo kila tunapofungua mlango wa gari na kuketi nyuma ya kichogo cha mtu tusiyemjua. Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa wafanyakazi, utuombee.